Arbuni nimeshatoa, na fleti ya Dubai haijaanza kujengwa

Assalamu alaykum Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 44, mama wa watoto watatu, nauza vitambaa na mabuibui hapa Mombasa, mtaa wa Biashara Street. Mzigo wangu mwingi hutoka Dubai, na Deira sina uchochoro nisioujua. Nikienda hulala hoteli ndogo karibu na soko la Naif, chumba hakina hata dirisha, na jioni nikivuka kwa abra, ile mashua ya kuvushia, huyatazama yale majumba marefu kwa mbali nikajiambia ipo siku.

Mwezi uliopita kampuni moja ya ujenzi ya Dubai ilikuja Nairobi kufanya maonyesho kwenye hoteli kubwa. Nilialikwa na mwenzangu wa chama. Tulipokewa kwa tende na kahawa, tukaonyeshwa jumba zima limetengenezwa dogo juu ya meza, taa zinawaka mpaka vyumbani. Kila mmoja wetu akapewa kijana wake wa kumhudumia. Wa kwangu alinionyesha fleti iliyoko Business Bay: chumba kimoja cha kulala na sebule, futi za mraba 780, ghorofa ya 31, roshani inatazamana na Burj Khalifa. Bei ni dirhamu 2,050,000. Jumba lenyewe halijaanza kujengwa. Wanasema watakabidhi baada ya miaka mitatu na nusu. Unalipa asilimia 20 ukitia sahihi, asilimia 40 kwa awamu wakati wa ujenzi, na asilimia 40 siku ya kupewa funguo. Halafu wao wenyewe wanakupangishia, na wanakuhakikishia kodi ya asilimia 8 ya bei kila mwaka kwa miaka mitatu. Na kwa kuwa bei imepita milioni 2, napata viza ya dhahabu ya miaka 10, mimi, mume wangu na watoto.

Siku ile ile nilitoa arbuni ya dirhamu 20,000 kwa kadi, ili fleti isichukuliwe na mwingine. Ijumaa ijayo natakiwa nikamilishe ile asilimia 20.

Upande wa pesa, akiba yangu ni shilingi milioni 14 na nusu. Zinazobaki nilitaka kuuza kiwanja chetu cha Nyali. Tulikinunua milioni 9 zamani, kiko kwa majina yetu sote wawili, na sasa yuko mtu tayari kutoa milioni 38. Mume wangu hataki kusikia. Anasema kiwanja tukijenge fleti za kupangisha, na kwamba hanunui nyumba iliyoko angani. Ni wiki sasa tunazungumza mambo ya watoto tu.

Kuna na jingine. Mdogo wangu, tumbo moja, anafanya kazi Sharjah na ana ukaazi wa kule. Ananishauri fleti iandikwe kwa jina lake. Anasema mimi niliye nje benki zitanisumbua, lakini yeye zitamkopesha ile asilimia 40 ya mwisho bila tabu, kisha baadaye atanihamishia. Mama yuko upande wake. Juzi kaniambia, "Kama humwamini ndugu yako, utamwamini nani?"

Shangazi, mgeni kama mimi anaruhusiwa kweli kumiliki kwa jina lake? Nimwachie ndugu yangu? Na Mungu akinichukua, wanangu wataipata? Nisaidie kabla ya Ijumaa.

Mfanyabiashara, Mombasa

*

Wa alaykum salaam mwanangu,

Nianze na lililo jepesi. Ndiyo, mgeni anaruhusiwa kumiliki kwa jina lake. Dubai ilitunga sheria yake ya kusajili mali, namba 7, mwaka 2006, na baada yake yakatajwa maeneo ambayo asiye raia wa Imarati anaweza kununua na kupewa hati isiyo na mwisho: Dubai Marina, Palm Jumeirah, eneo la Burj Khalifa, Jumeirah Lakes Towers na mengineyo. Business Bay nayo inanunulika na wageni. Huhitaji ukaazi wala mwenyeji wa kukudhamini; pasipoti yako inatosha. Ajabu ni kwamba Deira yako unayoijua kila uchochoro, sehemu yake kubwa haiuzwi kwa wageni namna hiyo. Kwa hiyo la kwanza lijue: kumiliki hakukulazimishi kutumia jina la mtu mwingine.

Yaliyobaki si mepesi. Nakwambia mapema ili usisome ukitarajia jingine: fleti hii, kwa pesa hizi na kwa mpango huu, usiinunue.

Chukua karatasi tufanye hesabu ambayo yule kijana wa hotelini hakukufanyia. Bei ni dirhamu 2,050,000. Juu yake kuna ada ya Idara ya Ardhi ya Dubai, asilimia 4, na kwa kawaida mnunuzi ndiye anayebeba yote: dirhamu 82,000. Hiyo haingoji funguo. Inalipwa mwanzoni, mkataba unaposajiliwa kwenye daftari la muda la nyumba zisizokamilika, lile wanaloliita Oqood. Tumefika 2,132,000, bila vidogo vidogo vya usajili.

Tuje upande wa pesa zako. Kiwanja cha milioni 38 hakikupi milioni 38. Kenya tangu Januari 2023 kodi ya faida ya kuuza mali ni asilimia 15, awali ilikuwa 5. Mlinunua 9, mnauza 38, faida ni 29. Hapo serikali inachukua milioni 4 na zaidi, kabla ya wakili na dalali. Unabaki na kama milioni 33 na nusu. Ongeza akiba yako ya 14 na nusu, jumla 48. Kwa kiwango cha shilingi 35 kwa dirhamu, hizo ni dirhamu 1,370,000 hivi. Pengo lako ni zaidi ya dirhamu 750,000, yaani shilingi milioni 26 na ushei. Na hapo umeshauza kiwanja na akiba haina hata senti ya kuleta kontena.

Pengo hilo ndilo linalotarajiwa kuzibwa kwa mkopo wa benki. Benki za kule huwakopesha hata wasio wakaazi, hilo kweli. Lakini huwapa sehemu ndogo ya thamani kuliko mkaazi, huwataka taarifa za benki na hesabu za biashara zilizonyooka, tena hukadiria thamani ya nyumba siku hiyo, si siku uliyonunua wewe. Hakuna benki itakayokuandikia leo kwamba miaka mitatu na nusu ijayo itakupa 820,000. Wewe unatia sahihi leo, benki itasema lake siku yake.

Lipo na jambo la shilingi yetu. Dirhamu imefungwa kwenye dola, 3.6725 kwa dola moja, haichezi. Inayocheza ni yetu. Mapema mwaka 2022 dola ilikuwa kama shilingi 113. Januari 2024 ikagonga 160 hivi, kisha ikarudi kwenye 129. Chukua awamu moja ya asilimia 10, dirhamu 205,000. Kwa kiwango cha kwanza ni shilingi milioni 6.3, cha pili milioni 8.9, na sasa milioni 7.2. Awamu ni ile ile. Wewe wauza buibui kwa shilingi, na mzigo wenyewe waununua kwa dirhamu, kwa hiyo shilingi ikianguka unapigwa dukani na kwenye awamu kwa wakati mmoja.

Sasa tuseme umelipa ile 20, ukalipa awamu mbili, ukakwama. Sheria ya Dubai namba 13 ya 2008, iliyorekebishwa mwaka 2020, imeyapanga haya wazi. Kampuni inapeleka taarifa Idara ya Ardhi, unapewa notisi ya siku 30. Usipolipa wala msipopatana, mkataba unaweza kuvunjwa. Kama ujenzi umeanza lakini haujafika asilimia 60, kampuni inaruhusiwa kuzuia mpaka asilimia 25. Soma vizuri, mwanangu: asilimia 25 ya bei ya nyumba, si ya ulicholipa. Kwa fleti yako ni dirhamu 512,500, zaidi ya hiyo asilimia 20 unayotakiwa Ijumaa. Ujenzi ukishapita 60, wanaweza kuzuia mpaka asilimia 40, yaani 820,000. Kwenye kijitabu chenye picha za bwawa la kuogelea hilo sidhani umeliona.

Nisiipake Dubai matope. Baada ya msukosuko wa 2008, bei zilipoanguka kwa nusu na zaidi sehemu nyingi na miradi chungu nzima ikafutwa, mji ule ulijifunza, na leo mnunuzi ana ulinzi ambao huku kwetu tunautamani. Sheria namba 8 ya 2007 inataka pesa za nyumba isiyokamilika ziingie kwenye akaunti maalumu ya amana, akaunti yenye jina la mradi wenyewe, na benki huzitoa kwa mjenzi kadiri kazi inavyopanda. Kuna programu ya simu ya Idara ya Ardhi inaitwa Dubai REST. Humo unautafuta mradi kwa jina lake na kuona kama umesajiliwa na ujenzi umefika asilimia ngapi. Wakala naye ana namba ya usajili, na tangazo la mradi linatakiwa kuwa na namba ya kibali. Ulinzi upo, lakini unamfaa anayeutumia. Toa risiti ya ile 20,000 uitazame: imeingia akaunti ya jina gani? Ya mradi, ya kampuni, au ya wakala aliyekutilia kahawa? Uliza pia namba ya mradi. Jora la hariri hulilipii pale Naif bila kulikunjua na kulipima. Hili la milioni 70 umelipia kwa kuona picha.

Na kama siku moja utalipa nyumba yoyote kule, lipa kwa benki moja kwa moja kwenye akaunti hiyo ya amana. Najua watu wetu na hawala, na najua wanaobeba noti kwenye mkoba. Ukiingia Imarati na zaidi ya dirhamu 60,000 taslimu lazima uzitangaze, na kwenye mali isiyohamishika pesa isiyo na nyayo itakusumbua siku ya kununua na siku ya kuuza. Benki yako ya Mombasa nayo itadai karatasi ukipeleka pesa nyingi. Ipe.

Hiyo asilimia 8 ya kuhakikishiwa nimeicheka kidogo, usinune. Asilimia 8 ya bei ni dirhamu 164,000 kwa mwaka, 492,000 kwa miaka mitatu. Nani anahakikisha? Mara nyingi si kampuni iliyojenga, ni kampuni nyingine ya usimamizi yenye jina linalofanana, na ikifilisika unabaki na karatasi. Kisha tazama fleti zilizokwisha kujengwa mtaa ule ule, ukubwa ule ule, zinauzwa ngapi. Kama yako imezidi kwa laki tatu au nne, basi hiyo kodi ni pesa yako mwenyewe inarudishwa kidogo kidogo, na wewe unashukuru. Uliza pia kama asilimia 8 ni kabla au baada ya ada ya huduma. Jumba lenye walinzi, lifti za kasi na bwawa huwatoza wenye nyumba kwa futi ya mraba kila mwaka. Ukichukua dirhamu 22 tu kwa futi, futi 780 ni 17,160, nyumba iwe na mtu au tupu. Katika majengo mengi kuna na ada ya ubaridi wa pamoja, ambayo sehemu yake hulipwa hata kama hujawasha kitu.

Halafu kuna hili ambalo ndilo lililonifanya nisome barua yako mara ya pili. Umeandika hoteli isiyo na dirisha, umeandika jioni kwenye abra. Wewe unataka mahali pa kulala ukienda Dubai. Sasa, ukiwapa wao waipangishe kwa miaka mitatu, funguo wanakaa nazo wao. Utaendelea kulala Naif huku mtalii analala ghorofa ya 31. Isome sehemu hiyo ya mkataba, utaambiwa unaruhusiwa masiku mangapi kwa mwaka, kama unaruhusiwa. Na hilo dirisha la Burj Khalifa, uliza kiwanja cha mbele ni cha nani na kinaruhusiwa kujengwa ghorofa ngapi. Mandhari haiandikwi kwenye hati. Uliza pia hizo futi 780 zimehesabiwa na roshani au bila.

Viza ya dhahabu nitaipita haraka. Ni kweli, mali ya dirhamu milioni 2 na zaidi inakupa njia ya kuomba ukaazi wa miaka 10 na kuwadhamini mwenzio na watoto. Kinachotazamwa ni thamani iliyoandikwa Idara ya Ardhi. Ni ukaazi, si uraia, na ukiiuza nyumba msingi wake umeondoka. Wewe huendi kuishi kule, unakwenda kuchukua mzigo na kurudi dukani. Ile 50,000 iliyozidi milioni 2 imewekwa pale makusudi, kwa watu wenye hamu kama yako.

Sasa ndugu yako.

Simjui, na sina sababu ya kumdhania vibaya. Analosema kuhusu benki lina ukweli: mkaazi mwenye mshahara hukopesheka kwa wepesi zaidi. Lakini fuata njia hiyo mpaka mwisho wake. Nyumba ikiandikwa kwa jina lake, kwa sheria ya kule ni yake. Akikopa, benki inaiweka rehani, na nyumba iliyo kwenye rehani hawezi kukuhamishia mpaka deni liishe. Kwa hiyo ule mkopo uliokuwa sababu ya kutumia jina lake, ndio utakaomzuia kukurudishia. Siku deni likiisha, kuhamisha kutoka kwake kuja kwako kunalipiwa tena ada ya asilimia 4. Katikati ya miaka hiyo anaweza kupoteza kazi, kuachana na mkewe, au kudaiwa kwa jambo lake jingine kabisa, na mdai hatauliza pesa zilitoka Biashara Street.

Na kifo. Akifa yeye, mali inagawiwa warithi wake: mkewe, watoto wake, mama yenu. Wanao ni wapwa zake, na wapwa hawana fungu mbele ya watoto wake. Itabidi umshitaki mjane wa ndugu yako katika mahakama ya ugenini ili uthibitishe kwamba nyumba aliyoikuta kwenye hati ya mumewe ni yako. Hata ukishinda, udugu umekwisha.

Ikiwa kwa jina lako, na Mungu akakuchukua wewe kwanza, njia inajulikana. Wewe ni Muislamu, kwa hiyo mgawanyo ni wa mirathi ya Kiislamu: mumeo robo kwa kuwa una watoto, mama yako sudusi, yaani moja ya sita, na zinazobaki ni za wanao. Ukitaka kumwachia mtu asiye mrithi, wasia wako unakwenda mpaka theluthi tu. Warithi watatakiwa kupeleka cheti cha kifo, cha ndoa na vya kuzaliwa, vimepigwa mihuri ya Wizara ya Mambo ya Nje na ya ubalozi wa Imarati, vikafasiriwa kwa Kiarabu, kisha mahakama ya kule itoe hati ya warithi. Ni safari ndefu, lakini mwisho wake ni wanao. Mali yoyote ya ng'ambo utakayonunua, mumeo ajue karatasi zake ziko wapi.

Mdogo wako ana kazi nyingine anayoweza kukufanyia, na ni ya maana. Mpe uwakala wa kisheria kwa mambo yanayotajwa tu: kukagua nyumba kabla ya kukabidhiwa, kupokea funguo, kufungua akaunti ya umeme na maji. Usimpe uwezo wa kuuza wala wa kupokea pesa za mauzo. Na kama anataka kuwa mshirika, atoe pesa zake, hati iandikwe majina mawili na mafungu ya kila mmoja. Idara ya Ardhi inakubali hivyo.

Kwa mama yako, usimwingize kwenye sheria za Dubai. Mwambie: "Mama, simwogopi ndugu yangu. Naogopa kifo chake na changu." Ataelewa; wazee wameona mirathi mingi ikizozaniwa.

Mumeo naye sitamtetea kwa kila kitu. Fleti za Nyali nazo hukaa tupu, wapangaji nao hukimbia na kodi, na ujenzi hula pesa kuliko makadirio. Hilo la nyumba ya angani pia si hoja, mwenye fleti kule ana hati yake na fungu lake kwenye jengo. Ila kiwanja ni cha majina mawili, na bila sahihi yake hakiuzwi, kwa hiyo mpango wako haukuwa na pesa hizo tangu mwanzo. Mpelekee hesabu hii hii, mkae nayo wawili, na yeye alete ya fleti zake za Nyali kwa karatasi. Nina shaka hata yeye hajaifanya.

Ukishatulia, ukaona bado Dubai inakuita, kuna njia ndogo zaidi. Akiba yako ya milioni 14 na nusu ni kama dirhamu 414,000. Usiitoe yote, duka linaihitaji. Tafuta nyumba ndogo iliyokwisha kujengwa katika maeneo ya wageni yenye bei ya chini, kama International City, Jumeirah Village Circle au Dubai Silicon Oasis. Burj Khalifa hutaiona dirishani na viza ya dhahabu hutaipata. Lakini utaingia ndani, utafungua bomba, utamuuliza mlinzi lifti huharibika mara ngapi, na utauliza maji yalifika wapi kwenye ile mvua kubwa ya Aprili 2024. Ada ya huduma ya jengo hilo utaiona kwa tarakimu, si kwa ahadi. Utalipa asilimia 4 ya Idara, dalali asilimia 2 na kodi yake, ofisi ya usajili dirhamu elfu chache, na hati inatoka kwa jina lako siku ya kuhamisha. Kama itapungua kidogo, benki za Kiislamu za kule zina mipango yao. Ulizia kwanza kwa mkaazi na kwa asiye mkaazi uone tofauti. Usipokuwepo unaipangisha, na kwa kodi hiyo ya upangishaji, Imarati haimtozi mtu binafsi kodi ya mapato. Ya hapa Kenya muulize mhasibu wako kabla, si baada.

Kuhusu Ijumaa: usitie sahihi, na usipige simu, andika. Leo hii peleka barua pepe kwa wakala na nakala kwa kampuni yenyewe, ueleze kwamba huendelei na ununuzi, na uombe arbuni irudishwe kwenye kadi ile ile. Ambatisha risiti na fomu uliyojaza, na usome fomu hiyo inasemaje kuhusu kurudisha. Baadhi hurudisha zote, baadhi hukata, baadhi hazirudishi kabisa. Yule kijana atakupigia, atakwambia bei inapanda Jumamosi, kisha meneja wake atakuja na punguzo. Wasikilize ukitaka, lakini jibu kwa maandishi tu. Wakigoma kurudisha, ulizia benki yako kama malipo ya kadi yanaweza kupingwa, na ikishindikana, iache. Usiongeze 390,000 kwa ajili ya kuokoa 20,000.

Shangazi